Shubiri Moja, Achia

Hotuba ya mtunza stoo katika mahafali ya karakana ya viungo bandia

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kukaa chini ya bati hili linalotukaanga sote bila ubaguzi;

Ndugu Mkuu wa Chuo;

Ndugu Mkuu wa Karakana, ambaye nitarudi kwako baadaye, kwa hiyo usitoke hata kwenda kupokea simu;

Mwalimu wa Umeme na walimu wenzako; wazazi, walezi, na mashangazi mliokuja na vigelegele vimeshapangwa kooni; wahitimu kumi na wanne mnaotoka jasho ndani ya majoho;

na ninyi ndugu zangu saba wa safu ya nyuma, ambao watu wamekuwa wakiwageukia tangu asubuhi huku wakijifanya wanatafuta feni:

Nawasalimu nyote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo nampa changu.

Nimepewa dakika kumi. Mkuu wa Chuo alikuja mwenyewe dirishani pale stoo akaniambia, "Mzee Dunia, dakika kumi, na tafadhali usitaniane na mgeni rasmi." Nikamjibu, "Mkuu, unamwambia nani? Mimi nimehutubia watu wa mataifa kumi na moja." Na ni kweli tupu. Sikumwambia tu kwamba mataifa hayo yalikuwa kwenye foleni moja ya forodha, na mimi nilikuwa najitetea.

Kwa wale wasionijua, mimi ndiye mtunza stoo wa karakana hii. Skrubu yoyote iliyomo ndani ya mikono na miguu mnayoiona mezani ilipita kwanza kwangu, ikasainiwa. Shuleni niliishia darasa la sita. Si kwamba sikuwa na akili. Mwalimu wa hesabu naye alikuwa nazo, na chumba hakikututosha wawili. Kabla ya stoo nilikuwa fundi bati kwa miaka ishirini na miwili. Ndoo, mabomba ya moshi, matangi, mifereji ya paa. Nusu ya maji ya mvua ya mji huu yamepita kwenye kazi ya mikono yangu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mvua haiwezi kuja hapa kutoa ushahidi.

Mkono wangu wa kulia, kama mnavyoona, unaishia hapa, vidole vinne chini ya kiwiko. Ni mwaka wa sita sasa. Na ule mkono mwingine, uliofungwa kwa skrubu kwenye kibao pale mezani, wenye vidole vya plastiki na tumbo lililojaa waya, si wangu wala si wa mtu. Ule ni mkono wa kufundishia. Wanafunzi hawa wameufungua na kuufunga mara nyingi kuliko mlango wa choo cha stendi. Leo, chini ya shati langu hili alilonipigia pasi mke wangu kwa vitisho, nimebandikwa waya zake. Kwa hiyo mkiuona unakaza vidole nikiwa naongea, msikimbie. Ni mimi.

Niwaeleze unavyofanya kazi, maana nimewasikia maprofesa wakieleza na nikaona huruma kwa waliokuwa wakisikiliza. Ukitaka kukunja kidole, ubongo unatuma amri, na msuli ukitii unatoa umeme. Usinitazame hivyo, mama, hautakuunguza. Ni umeme mdogo mno. Chukua nguvu ya betri moja ndogo ya redio, igawe mara elfu moja, hapo ndipo unaanza kuukaribia. Vibandiko viwili vinakaa upande wa ndani wa mkono, penye msuli wa kufunga kiganja. Viwili vinakaa upande wa nje, penye msuli wa kufungua. Cha tano kinakaa kwenye mfupa wa kiwiko, na kazi yake ni kuwa shahidi tu. Kisanduku kile cheusi kinaupokea umeme, kinaukuza, kinauchuja. Kuchuja ndiko kwenye kazi, kwa sababu umeme wa mwili ni mnong'ono katikati ya soko. Kila waya ukutani unaupigia kelele. Siku moja Mwalimu wa Umeme aliwasha birika la chai, na mkono ukaanza kufumba na kufumbua vidole wenyewe, hakuna mtu aliyeugusa. Mwanafunzi mmoja, simtaji lakini amekaa wa tatu kutoka kushoto na sasa anaangalia viatu vyake, alipiga magoti akaanza kusali.

Mwishoni kuna skrini, na kwenye skrini kuna mistari miwili. Wa kijani ni wa kufunga, wa njano ni wa kufungua. Msuli ukikaza, mstari unapanda. Ukilegea, mstari unashuka. Kijani kikipanda, mota inafunga vidole. Kijani kikishuka na njano ikapanda, vidole vinafunguka. Basi. Mengine yote ni hesabu, na hesabu nimeshawaambia tuliachana vipi.

Sasa, ndugu zangu, chuo hiki kina mtihani wa vitendo, na masharti yake yamebandikwa pale ukutani. Mwanafunzi anautengeneza mkono, anaurekebisha, halafu anakaa kando. Mtu mwingine, anayeitwa mtumiaji, ndiye anayebandikwa vibandiko. Mtahini anasoma maagizo kutoka kwenye karatasi. Mkono unapokea glasi ya maji, unaishika mpaka ahesabu kumi, kisha unairudisha kwenye kiganja cha mtahini. Dakika mbili. Mwanafunzi haruhusiwi kumwambia mtumiaji neno lolote. Akifumbua mdomo, amefeli. Na aliyefeli mara ya pili anafunga begi lake.

Niwaulizeni. Kwa miaka yote hiyo, watumiaji walikuwa akina nani? Walikuwa wanafunzi wenzao! Vijana wenye mikono miwili, minono, ya kubebea magunia. Mtu mwenye mikono miwili anajaribiwa mkono wa bandia, anafaulu, watu wanapiga makofi, mkono unafungwa kwenye sanduku. Mmeshaona wapi mtu mwenye meno thelathini na mawili anajaribishwa meno ya bandia? Na mimi nilikuwa nimekaa dirishani, na mkono wangu mmoja, nawagawia skrubu. Na mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote, sikusema kitu.

Aliyesema ni binti mmoja ambaye huwa hasemi. Namwita Nusu Neno. Ukimsalimia anakujibu kwa herufi. Ukimuuliza kama ameshiba anakuonyesha sahani. Mwaka uliotangulia alikuwa amefeli mtihani huohuo, kwa sababu mwenzake aliyekuwa mtumiaji alipiga chafya na glasi ikapasuka. Kwa hiyo alikuwa amebakiza nafasi moja tu, ya mwisho, ya begi.

Akaja dirishani na fomu ya mtihani, akaisukuma mbele yangu. Penye "jina la mtumiaji" aliandika langu.

Nikasema, "Binti, umekosea dirisha. Hapa tunatoa skrubu."

"Sijakosea."

"Unajua mimi ni nani?"

"Huna mkono."

Mabibi na mabwana, nimetukanwa na manahodha na nimetukanwa na wakwe, lakini sijawahi kuambiwa ukweli kwa upole namna ile. Nikatia sahihi palepale. Na kwa kuwa Mungu aliniumba na ugonjwa wa kujisifu, nikawatangazia karakana nzima: "Wiki moja! Nipeni wiki moja, huo mkono utawapikia chai."

Wiki ya kwanza, mkono ulifunga. Ulifunga vizuri, ukafunga kwa nguvu, wanafunzi wakashangilia. Kisha Nusu Neno akasema, "Fungua." Haukufunguka. Nikasukuma, nikakaza shingo, nikauma meno, jasho likanitoka kama ninainua lori. Mstari wa kijani ulipanda mpaka darini ukakaa hukohuko.

Wiki ya pili walibadilisha vibandiko. Walininyoa. Walinisugua na spiriti mpaka nikanuka kama wodi. Walibadilisha kisanduku. Walizima feni, taa na birika. Mstari wa kijani uko juu. Wakasema kifaa kibovu. Akabandikwa kijana mwingine, mkono ukafunga na kufungua kama kipepeo. Nikabandikwa mimi, juu! Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. "Unaona sasa," akasema, "hata umeme wako unajisifu."

Wiki ya tatu Mkuu wa Karakana alikagua, akaandika kwenye daftari la karakana maneno mawili. Ndugu Mkuu, nilikuahidi nitarudi kwako, nimerudi. Uliandika: "Mtumiaji hafai." Nakushukuru, na leo sikutanii. Mimi nimeitwa mengi, lakini hayo mawili yalikuwa na kalamu na muhuri. Ukamwita binti ukamwambia ana siku mbili za kubadilisha jina kwenye fomu. Ulimwambia kwa wema, nilikuwa nasikia. "Usijiangamize kwa ajili ya huruma," ulisema.

Basi nikamwambia mwenyewe. Alikuja stoo kurudisha bisibisi. Nikamwambia, "Mwanangu, mchukue yule mwenzako mnene. Utapita huku umekaa."

"Sitaki."

"Utafeli."

"Labda."

"Utarudishwa kwa mama yako na begi, na mimi ndiye nitakuwa nimekurudisha!"

Akaweka bisibisi kwenye sanduku lake, pale inapotakiwa, si popote. Akasema, "Mzee, mkono huu nikiujua kwa mwenye miwili, nitakuwa nimejua nini?"

Sikuwa na jibu. Ni mara ya pili maishani. Ya kwanza ilikuwa siku ya posa.

Ndipo akaniuliza, "Mkono wako uko wapi?"

Hapa inabidi mnielewe. Swali hilo nimelijibu mara elfu. Watoto wa jirani nimewaambia ni mamba. Kwenye kahawa nimesema ni mume wa mtu. Kuna mzee mmoja mpaka leo anaamini niliutoa kwenye vita ambavyo sikuwahi hata kuvisikia redioni. Nikamwambia binti, "Mamba. Alikuwa mkubwa kama..."

"Sikuuliza uliendaje," akanikatiza. "Nimeuliza uko wapi."

Nikamwacha mamba. Kwa sababu upo, ndugu zangu. Safu ya nyuma wananielewa, waangalieni wanavyotikisa vichwa. Mkono ukiondoka hauondoki. Nikamwonyesha hewani, hapa, mbele ya kigutu hiki. "Uko hapa."

"Ukoje?"

"Umefunga."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Akavuta sanduku la misumari, akakaa. "Umeshika nini?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu anajua kwa sababu alikuja hospitali. Nikamwambia Nusu Neno, na leo nawaambia ninyi nyote, hadharani, na mwenye kuchukua picha achukue.

Nimeshika bati.

Kwenye karakana ya bati kuna mashine ya roli mbili za chuma, nene kama mapaja. Unalisukuma bati katikati yake, roli zinalivuta, linatoka upande wa pili limeviringika kuwa tumbo la tangi. Somo la kwanza kabisa la mashine ile, kabla hujaruhusiwa hata kufagia karibu nayo, ni hili: mkono wako ukibakiza shubiri moja, yaani upana wa kiganja kilichotanuliwa, kufika kwenye roli, unaachia. Si kidole kimoja zaidi. Mwenzako anayeendesha anatazama mkono wako, na ukifika pale anapiga kelele, "Shubiri!" na wewe unajibu, "Naachia!" na unaachia. Mchana kutwa karakana inaimba hivyo. Shubiri! Naachia! Shubiri! Naachia! Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wimbo huo kwa miaka kumi na moja. Nilimpiga mmoja kofi kwa kuuchelewesha.

Siku ile walikuja wageni kutazama karakana. Watu wenye tai. Nilikuwa nawaonyesha jinsi bingwa anavyofanya kazi, uso nimewageuzia wao, mdomo unaenda, na bati linaenda. Mwenzangu akaita, "Shubiri!" Nikasikia. Nataka muelewe hapo: nilisikia. Akaita tena. Wageni wakaanza kurudi nyuma. Nikasema moyoni, Mzee Dunia aachie bati mbele ya watu? Nikalishika zaidi.

Hakukuwa na mamba. Ni mimi tu, niliyekataa kuachia.

Binti hakusema pole. Wala hakulia, na kama angelia ningemfukuza stoo. Alisimama, akaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akarudi na kipande cha bati kirefu kama meza. Akachukua chaki, akachora mistari miwili mezani, akasema, "Hizi roli." Akanibandika vibandiko. Akageuza skrini nisiione. "Mkono wa kushoto sukuma. Wa kulia shika. Mimi naendesha."

Nikasukuma. Nilijiona mjinga, mtu mzima nacheza kama mtoto anayeendesha gari la udongo. Bati likasogea mezani, likakaribia chaki. Na yule binti ambaye hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe akapiga kelele iliyowatoa watu ofisini: "Shubiri!"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Naachia!"

Kidole gumba kilikuwa cha kwanza. Nilikisikia, gumba ambalo halipo, likijitenga na lile bati. Kisha cha shahada. Kisha vile vitatu pamoja, vigumu, kama bawaba ya mlango wa zizi iliyoota kutu. Mezani nikasikia mota inalia. Nikageuka. Ule mkono wa plastiki ulikuwa umefunguka, kiganja juu, kama unaomba. Macho yangu yalitoa jasho. Ilikuwa siku ya joto.

Mnaona kosa lilikuwa wapi? Walikuwa wananiambia, "Fungua kiganja." Jamani, nani katika maisha yake aliyewahi kufungua kiganja? Watu wanaachia, wanatupa, wanapokea, wanamwaga. Kiganja kinafunguka chenyewe wakati wewe una shughuli. Msuli wangu haukuwa mbovu, kifaa hakikuwa kibovu. Mimi nilikuwa nimeshika kitu, na hakuna aliyeniuliza ni nini.

Tukafanya kazi wiki tatu. Sikujisifu kwa mtu, na mke wangu akataka nipimwe malaria. Mara mia kwa siku, shubiri, naachia. Kuna siku kumi mfululizo ambazo haukufunguka hata mara moja kabla ya adhuhuri. Kuna siku nilirusha kisanduku cheusi, na aliyekidaka ni Mwalimu wa Umeme, kwa hiyo mwalimu, haya ndiyo maelezo ya ile alama kwenye kona. Binti anabandika tena. Hasemi "jitahidi", hasemi "utaweza". Anabandika tena. Polepole akaacha kuita. Nikawa naita mwenyewe, kwa sauti, kisha kwa kunong'ona. Kimoyomoyo haikukubali kamwe.

Siku ya mtihani alikuja mtahini wa nje, bwana mmoja mkavu kama karatasi aliyokuja nayo. Nusu Neno akakaa kando, mikono chini ya mapaja. Mtahini akasoma: "Funga kiganja." Nikapokea glasi, safi, maji hata hayakutikisika. Kufunga nimesomea. Akahesabu mpaka kumi. Akakinga kiganja chake chini ya glasi. Akasoma: "Fungua kiganja."

Kijani juu.

"Fungua kiganja," akasoma tena, kwa sauti ileile, kama kipaza sauti cha kituo cha basi.

Glasi ikaanza kulia chini ya vidole. Saa ya ukutani nilikuwa naisikia. Kalamu ya Mkuu wa Karakana nilikuwa naisikia. Nikamtazama binti. Hakunionyesha chochote, hata nyusi hakunyanyua, kwa sababu masharti ni masharti na yeye si mwizi. Lakini nikaona begi lake. Alikuwa amekuja nalo. Lilikuwa mlangoni, limefungwa.

Mimi sikuwa nimekatazwa kusema. Nilikuwa naona haya tu. Watu wenye tai wamekaa mbele yangu, na mimi nitaanza kuropoka maneno ya karakana ya bati, kama mwehu? Ndugu zangu, ilikuwa siku ileile imerudi. Wageni walewale, bati lilelile.

Nikasema kwa sauti: "Shubiri. Naachia."

Kikafunguka. Maji kidogo yalimwagikia mkono wa koti la mtahini, na glasi ikakaa kiganjani mwake, nzima.

Akaiweka chini. Akajifuta. Akasema, "Mtumiaji ametamka maneno yasiyo kwenye karatasi. Sidhani kama jaribio hili linahesabika."

Hapo ndipo mtihani ulikuwa umekwisha na binti akawa ana ruhusa ya kusema, na akaitumia. Nanukuu yote, maana ni hotuba yake ndefu kuliko zote: "Mkono ni wake. Kazi aliyokuwa akiifanya nao ni yake. Neno ni lake. Karatasi ndiyo ngeni hapa."

Nani alisimama? Ndugu Mkuu wa Karakana, simama watu wakuone. Simama, bwana, usione haya. Huyu hapa! Huyu aliyeandika kuwa sifai, ndiye aliyesimama akasema, "Mtahini, masharti yanamkataza mwanafunzi kusema. Hayamkatazi mtumiaji. Mimi ndiye niliyeyaandika." Kisha akachukua daftari lake, akapiga mstari juu ya maneno mawili, mbele ya macho yangu. Wangapi kati yetu tunaweza kukata mstari juu ya mwandiko wetu wenyewe? Mimi ilinichukua miaka sita.

Mtahini akasema basi rudieni, mara tano. Tukarudia. Mara ya tatu nilianza kujiona, nikataka kuongeza na kamzaha, na kijani kikapanda. Binti akanitazama. Nikafunga mdomo. Mara tano, glasi ileile, ikarudi nzima.

Alama zake hazikuwa za kwanza. Alikuwa wa tisa kati ya kumi na wanne. Waliomtangulia nawapongeza, ni hodari. Lakini wote waliomtangulia walipita kwenye njia iliyofagiliwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa nakugeukia wewe, na sikuombi, nakuambia. Karatasi ya mtihani imeshaandikwa upya, Mkuu wa Karakana anayo mfukoni. Kwenye karatasi hiyo, palipokuwa na "Fungua kiganja", pameachwa mstari mmoja mtupu. Mtumiaji anaandika neno lake. Inangoja sahihi yako tu, na kalamu tumekuletea. Na sharti la pili: mtumiaji asiwe na mkono. Utauliza tutawapata wapi. Nimeshawatafuta. Jioni tano, kwa miguu, mlango kwa mlango, na mdomo huu kwa mara ya kwanza ukafanya kazi ya maana. Safu ya nyuma, nyanyueni mlicho nacho!

Yule mama wa kitambaa cha bluu ni mshonaji. Neno lake ni "kata uzi". Yule bwana mrefu aliendesha lori miaka thelathini. Yeye mkono haufunguki mpaka aseme "gia ya pili", na ya kwanza haitaki kabisa. Yule kijana wa pembeni bado hajapata neno. Tunalitafuta. Tutalipata. Tukikosa mwezi huu, tutalipata mwezi ujao, maana stoo iko wazi na mimi siendi popote. Wameniambia nina haki ya kustaafu. Haki hiyo nimeisamehe.

Namaliza, kabla Mkuu wa Chuo hajamaliza kunikazia macho.

Nusu Neno, mwanangu, njoo hapa mbele. Usitembee kama unaibia ukumbi, tembea. Cheti chako utapewa na mheshimiwa, mimi sina mamlaka hayo. Mimi nina glasi hii tu. Ndiyo ileile. Niliisainia stoo kama "imepotea", Mkuu wa Chuo utanisamehe. Tangu nianze kusema, ule mkono mezani umeishika, hata nilipolitaja neno lenyewe, maana kusimulia si kuachia, na wengi wenu mlidhani ni pambo.

Mlionisikiliza, asanteni sana. Mliosinzia, asanteni pia, kwa kutokoroma. Sasa acheni kunitazama mimi, tazameni pale.

Kinga viganja, mwanangu. Vyote viwili.

Shubiri.

Naachia.